Kamongo Watatu wa Bwawa la Mwisho

Majina siandiki. Walio hai wana mawakili, na waliokufa wana watoto. Lakini vyeo nitavitaja, na yeyote aliyefanya kazi katika kile kiwanda cha ufuoni Kisumu, miaka ya themanini kwenda tisini, atajua nani ninamsema. Wa kwanza ni nyapara wetu. Wa pili ni meneja. Wa tatu ni mimi mwenyewe, na huyo wa tatu nitamfikia.

Kiwanda kilikuwa na mtambo wake wa stima. Ulichoma makaa ya mawe yaliyokuja kwa treni kutoka pwani, na majivu yake yalisukumwa kwa maji ndani ya bomba mpaka kwenye bwawa kubwa nyuma ya ua, upande wa ziwa. Mimi niliingia pale nikiwa nimeishia darasa la nne. Kazi yangu ilikuwa kuzibua bomba likiziba. Mwaka baada ya mwaka majivu yalijaa, mpaka juu pakawa kama uwanja wa mpira wa rangi ya kijivu, umekauka ukoko, na chini ya ukoko ni uji. Ng'ombe wa jirani aliingia siku moja akidhani ni nchi kavu, akazama mpaka shingoni. Tulimtoa kwa kamba, watu kumi na wawili.

Halafu mtambo ukazimwa. Walisema stima ya kuletwa kwa nyaya ni rahisi kuliko ya kujitengenezea. Meneja akatuita uwanjani, akapanda juu ya kreti ya soda, akasema bwawa la majivu linafungwa. Majivu yatafunikwa kwa udongo mwekundu na kupandwa nyasi. Lakini huwezi kufunika uji. Lazima kwanza maji yatolewe, na maji hayo yamekaa na majivu miaka mingi, yamenyonya chuma na vitu vingine vya kudhuru mtu, kwa hiyo hayawezi kwenda ziwani hivi hivi. Lazima yasafishwe.

Mimi nilimwamini. Hilo nalisema wazi. Siku ile nilimwona mtu wa maana.

Tulichaguliwa wanne wa kusafisha. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Pampu ilivuta maji kutoka bwawa la majivu na kuyamwaga kwenye tangi la saruji. Pale tulipasua mifuko ya chokaa, tukamwaga, tukakoroga kwa makasia ya mitumbwi yaliyonunuliwa kwa wavuvi, maana mti mwingine wowote ulikuwa mfupi. Chokaa ikiingia vizuri, ule uchafu unashikana, unageuka tope la rangi ya kutu. Maji yanakwenda bwawa la pili, tope linakaa chini. Yale ya juu yanaingia bwawa la mwisho, na hapo kulikuwa na geti la mbao. Nyuma ya geti, mtaro. Mtaro unapita kwenye mafunjo mpaka ziwani, na pale unapoingilia ziwa ndipo akina mama wa kijiji chetu walipokuwa wakiteka maji. Mke wangu pia. Wakati huo alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili.

Kabla ya geti kufunguliwa nyapara alikuwa anapima. Alikuwa na vikaratasi vya manjano ndani ya kopo dogo. Unachovya kwa maji, rangi inageuka, unalinganisha na picha kwenye kopo. Ikiwa kijani, fungua. Ikiwa ya machungwa, rudisha maji kwenye chokaa.

Miezi miwili ya kwanza kazi ilikwenda sawa. Mikono yetu ilipasuka kama visigino, chokaa ilituunguza mpaka mmoja wetu akawa anakula kwa kijiko kama mzungu kwa sababu hawezi kushika ugali. Tulimcheka. Lakini tope la kutu lilishuka, maji yalitulia, kikaratasi kikawa kijani.

Mwezi wa tatu nikaanza kuona mambo.

Kwanza mifuko. Tulikuwa tukimwaga mingi asubuhi na mingine alasiri. Nyapara akasema, "Punguzeni. Maji sasa imezoea dawa." Nikamwuliza kwa heshima ya mzee, "Jaduong', maji inazoea dawa kama mtu?" Akanijibu, "Wewe koroga. Kusoma hukusoma." Wenzangu wakacheka. Nikakoroga. Jumapili moja nikapita Otonglo kumwona shangazi, nikaona nyumba ya nyapara, ile ya udongo, imepakwa chokaa kuta zote nne, choo, na hata jiwe la mlangoni. Nyumba inang'aa kama kanisa. Chokaa inauzwa dukani, mtu anaweza kununua. Lakini nilisimama pale barabarani kwa muda.

Pili, kikaratasi. Nyapara alianza kupima akiwa ametugeuzia mgongo. Alikuwa na jagi lake la maji ya kunywa, la bomba, na siku moja nilimwona anachovya. Aliinama upande wa jagi, si upande wa bwawa. Nikajiambia labda jua limenidanganya. Kesho yake nikahesabu hatua zake. Hakufika bwawani.

Tatu, mvua. Tangu wakati huo geti lilikuwa linafunguliwa mvua ikinyesha tu. Wingu likijikusanya alasiri, nyapara anatwambia twende tukajikinge kwenye banda, yeye anabaki na koti lake la mpira. Tukirudi, bwawa la mwisho limeshuka mkono mzima na mtaro unakwenda mbio, wote tope, nani atajua tope la mvua ni lipi na letu ni lipi?

Ubaya wa yale maji ni kwamba hayakuwa na sura mbaya. Maji yaliyosafishwa yalikuwa maangavu, na yasiyosafishwa, yakitulia, yalikuwa maangavu vile vile. Huwezi kuyashtaki kwa kuyatazama.

Aliyeyashtaki ni mke wangu. Asubuhi moja baada ya mvua alinimiminia chai, akasimama na birika mkononi.

"Baba, tazama hii."

Chai ilikuwa nyeusi ya wino. Akatia maziwa, ikawa ya kijivu.

"Umeweka majani mengi," nikamwambia.

"Majani ni yale yale. Onja."

Nikaonja. Ilikuwa na ladha ya msumari. Nikamuuliza maji ameteka wapi, akashangaa. "Nateka wapi kwingine? Pale pale kwa mafunjo. Kwani kuna nini?"

Nilimjibu hakuna kitu. Ndiyo maana nimejiweka wa tatu kwenye ile orodha ya mwanzo.

Wiki hiyo nyapara alikuja kwangu na uso wa kirafiki, uso ambao sikuuzoea. "Omera, ndugu yangu, nyumbani kwenu si mnavua kamongo? Niletee watatu, hai." Nikadhani ni wa kula. Kamongo, samaki yule mrefu kama nyoka, kwetu ni nyama ya heshima. Nikamwambia ndugu yangu, akawatoa kwenye matope ya mafunjo, nikawabeba kwa gunia bichi nyuma ya baiskeli. Kutoka kwetu mpaka kiwandani ni mwendo, na walifika wakiwa wazima, wanajikunja humo ndani kama watu waliokasirika.

Nyapara hakuwapeleka kwake. Alitengeneza kizimba kwa waya wa kuku, akakiweka kwenye bwawa la mwisho karibu na geti, akawatia kamongo wangu watatu ndani. Halafu akamwita meneja.

Meneja alipiga makofi. "Fish are living!" akasema. Alikuwa mtu wa kutoka mbali, ng'ambo, na samaki aliyemjua ni yule wa kukaangwa. Tangu siku hiyo kila mgeni aliyekuja aliletwa pale kuonyeshwa samaki. Waliletwa wa benki. Waliletwa wa gazeti. Waliletwa wanafunzi wa bweni kutoka Maseno, watoto wa mbali, na mwalimu wao, mtu wa bara asiyejua ziwa, wakaandika kwenye madaftari.

Na mimi nilicheka. Jioni kwenye banda tulicheka wote wanne, machozi yakatutoka, kwa sababu kila mtoto aliyezaliwa kando ya ziwa letu anajua kamongo ni nani. Kamongo havuti maji kama samaki. Anapanda juu, anafungua mdomo, anavuta hewa kama wewe na mimi, anarudi chini. Kiangazi kikikausha dimbwi anajichimbia kwenye udongo, anajifunga, analala mpaka mvua irudi. Ukimweka kwenye mafuta ya taa labda atakulalamikia, lakini hatakufa leo. Kuonyesha kamongo ili kusema maji ni safi ni sawa na kuonyesha fisi ili kusema nyama haijaoza.

Lakini jambo moja lilinikera hata nikicheka. Hakuna mwenyeji aliyeletwa kuona. Si chifu mdogo, si wazee wa ufuoni, si mvuvi hata mmoja. Mzee mmoja wa kwetu alikuja mwenyewe mlangoni mwa kiwanda kuuliza kwa nini mtaro unanuka, nyapara akamrudisha akimwambia bwawa lina nyoka. Nyapara ni mtu wa ziwa kama sisi, mama yake alikuwa akikausha samaki upande wa Kendu. Alijua. Meneja alidanganywa, au alikubali kudanganywa, sijui mpaka leo. Nyapara alijua kabisa.

Nikaamua kujua na mimi. Nilichukua ngege wadogo kumi, samaki wanaovuta maji kweli, kutoka kwa wavu wa ndugu yangu, asubuhi, ndani ya ndoo ya maji ya ziwa. Watano nikawaacha kwenye ndoo kivulini. Watano nikawatia kwenye karai la maji ya bwawa la mwisho, nyuma ya banda, ambapo nyapara hapiti. Saa nne wa karai walikuwa wanapanda juu wakihema. Saa sita walikuwa wamelala ubavu. Wale wa ndoo nilikwenda nao nyumbani jioni wakiwa wazima, nikawarudisha ziwani mwenyewe. Mke wangu aliniona nikiwamwaga.

"Siku hizi unamwaga samaki?"

Hapo nikamwambia. Kila kitu, pamoja na kamongo. Nilitegemea atanipigia kelele. Alikaa chini kwenye kinu kilicholazwa, mikono juu ya tumbo, akaniuliza kitu kimoja tu: "Tangu lini?"

Nikamwambia tangu mvua zianze.

"Na mimi nimekuwa nikikuuliza kwani kuna nini."

Kesho yake alichukua mtungi akaenda kuteka upande ule mwingine, kwenye chemchemi ya mlimani, saa nzima kwenda na kurudi kwa tumbo lile. Aliwaambia wenzake. Wakamwambia mimba inamfanya achague maji kama malkia.

Basi ikasemwa mkaguzi wa maji anakuja kutoka Nairobi. Akitia sahihi, kusafisha kunaisha. Geti litafunguliwa liachwe wazi, na maji yote yaliyobaki kwenye majivu yataondoka kwa mtaro mpaka bwawa likauke. Nyapara alitwambia akifurahi, maana aliahidiwa kazi ya kudumu. Sisi wanne tulipewa maovaroli mapya tuvae siku hiyo, yakivuliwa yarudishwe.

Mkaguzi alikuwa mtu mfupi, mpole, mzaliwa wa huko kwenye mashamba ya majani chai, viatu vyake vilivyong'arishwa vikimpa shida kwenye matope. Alichovya kikaratasi chake. Lakini kwanza nyapara alimzungusha mpaka pembeni, karibu na bomba la maji ya mji ambalo alikuwa amelifungulia bwawani tangu asubuhi kwa mpira uliofichwa chini ya nyasi. Mpira huo nilikuwa nimeuruka mwenyewe nikienda kukojoa. Kikaratasi kikawa kijani.

"Na samaki hawa hapa," meneja akasema.

Mkaguzi akainama juu ya kizimba, akaruka nyuma. "Hii si nyoka?"

"Samaki, Bwana," nyapara akasema. "Samaki wa heshima. Anapenda maji safi sana." Na wakati ule ule kamongo mmoja akapanda juu, akafungua mdomo, akavuta hewa. "Umeona? Anakusalimu."

Mkaguzi akacheka, akatoa faili. Meneja akamwambia aache kwanza, kuku wako tayari kantini, sahihi itakuja baada ya chakula.

Sijui kama ningesema kitu kama sahihi ingetiwa pale pale. Labda ningenyamaza, nikarudisha ovaroli, nikaenda nyumbani. Lakini kuku walinipa nafasi. Nikavua kofia.

"Mzee, mkubwa, samahani. Huyo hakusalimu. Anavuta hewa. Haishi kwa maji, anaishi kwa hewa."

"Huyu ni mtu wa kukoroga," nyapara akasema haraka. "Chokaa imempanda kichwani."

"Kama nasema uongo nifukuzwe," nikasema. "Lakini nipe nafasi moja. Namtoa huyu, namweka kwa karai bila maji, kivulini, gunia bichi juu yake. Wewe nenda ukale. Ukirudi ukimkuta amekufa, tia sahihi. Ukimkuta hai, basi ujue samaki huyu anaweza kuishi hata kwenye kiti cha ofisi yako, na kuhusu maji haya hajakuambia lolote."

Mkaguzi alinitazama. Kisha akamtazama nyapara, na nafikiri jasho la nyapara ndilo lililoamua. "Mtoe," akasema.

Nikamtoa kwa gunia, nikamshika nyuma ya kichwa kama inavyotakiwa, nikamweka kwenye karai. Nyapara akataka kubaki alinde. Mkaguzi akasema hapana, twende wote tukale. Wote. Hata mimi. Niliketi kwenye kantini ya wakubwa na ovaroli yangu, sahani ya kuku mbele yangu, macho kwa nyapara. Nyapara alikula haraka haraka kama mtu anayetaka kwenda chooni. Alijaribu kuinuka mara mbili. Mara ya pili mkaguzi akamwambia, "Kaa, Bwana. Kuku bado."

Tuliporudi, meneja alifunua gunia mwenyewe. Kamongo alikuwa ametulia kimya, mkavu mgongoni, hatikisiki. "Dead," meneja akasema, akatoa kalamu mfukoni, akamgusa nayo mdomoni kuhakikisha.

Kamongo akaing'ata kalamu, ikapasuka, wino ukamrukia meneja mpaka kwenye shati.

Wenzangu walishindwa kujizuia. Mmoja alikaa chini kabisa. Hata mkaguzi alifunika mdomo kwa faili. Aliyesimama bila kucheka ni nyapara, na alikuwa hatazami kamongo, alikuwa ananitazama mimi.

Mkaguzi hakutia sahihi. Alichukua maji kwenye chupa, safari hii mbele ya geti, si pembeni. Akaandika kwamba geti lifungwe kwa kufuli, chokaa imwagwe kama mwanzo, na kabla ya maji kutoka wawekwe ngege, si kamongo, wakae siku saba. Akaniuliza jina langu akaliandika. Hapo ndipo nilipoogopa, na niliogopa vizuri, kwa sababu kabla ya wiki kwisha niliitwa ofisini nikaambiwa ovaroli ile sikuirudisha. Niliirudisha. Nilimpa nyapara mkononi. Lakini hakukuwa na shahidi, na nyapara alisema hakuiona. Nikaondoka hivyo, kama mwizi wa nguo.

Wale wenzangu watatu walikoroga mpaka mwisho. Wote wametangulia sasa, kila mmoja na ugonjwa wake, na mimi si daktari, siwezi kusema. Nasema tu tulikuwa wanne, nimebaki mmoja, na usiku kifua changu kinapiga mluzi.

Miezi kadhaa baadaye mtoto wetu alikuwa amezaliwa, msichana, mzima, na mke wangu alikuwa bado anapanda mlima na mtungi, sasa na mtoto mgongoni. Magoti yake yalianza kulia. Akaniambia niende nikaulize, ili ajue kama anaweza kurudi kwenye mafunjo. Nikaenda. Geti la bwawa la mwisho lilikuwa wazi, maji yanapita taratibu, maangavu. Wapanda nyasi walikuwa tayari wanamwaga udongo mwekundu juu ya majivu. Mlinzi wa mlangoni nilimfahamu kidogo, mtu wa Katito, nikamwita kando.

"Ngege waliwekwa?"

"Waliwekwa."

"Waliishi siku saba?"

"Mimi naingia zamu ya mchana tu. Kila mchana niliona ngege wanaogelea."

"Ni wale wale?"

"Omera, ngege ana kitambulisho?"

"Na siku ya saba?"

"Siku ya saba nyapara aliwakaanga. Alikula wawili, akatugawia sisi walinzi mmoja mmoja. Walikuwa watamu."

"Nyapara alikula mwenyewe? Ulimwona?"

"Nilimwona na mifupa mkononi."

Nilirudi nikiyazungusha hayo njia nzima. Kama aliwala, basi alijua maji ni mazuri. Au alijua wale si ngege wa bwawa, wameletwa asubuhi hiyo kutoka ziwani, ndiyo maana hakuogopa. Mtu aliyeficha mpira wa maji chini ya nyasi hashindwi kubadilisha ngege. Na chokaa je? Niliuliza, mlinzi akasema lori lilileta mifuko. Mingapi ilibaki na mingapi ilikwenda Otonglo, hakujua.

Mke wangu alikuwa ananingoja nje, mtungi mtupu kando yake, mtoto analia.

"Wamesemaje? Maji yako sawa?"

Nikamwambia wamesema yako sawa.

"Na wewe unasemaje?"

Nikamchukua mtoto mgongoni kwake, nikauchukua na mtungi. Tangu siku hiyo, kwa miaka mingi, mpaka bomba la kijiji lilipofika, mimi ndiye niliyepanda mlima kuteka maji. Wanaume walinicheka njiani, mwanaume na mtungi kichwani. Na wanawake waliorudi kwenye mafunjo walinipita na maji yao maangavu, wakanisalimu vizuri, na mimi niliwaitikia nikiitazama mitungi yao.